Breka Inayojikata na Soketi Iliyokufa: Kuifuatilia Hitilafu ya Umeme Nyumbani

Umeme ukikatika katika upande mmoja wa nyumba huku upande wa pili ukiendelea kuwaka, wengi wetu hukimbilia bisibisi na kuanza kufungua soketi iliyo karibu. Huko ni kuanzia mwisho. Kabla hujagusa skrubu hata moja, hitilafu yenyewe imekwisha kusema mengi: ni kifaa gani cha kinga kilichojikata, kilijikata papo hapo au baada ya dakika ishirini, nini kilikuwa kimewashwa wakati huo, na je, mvua ilinyesha usiku uliotangulia. Majibu ya maswali hayo manne huondoa sehemu kubwa ya uwezekano, tena bila kufungua kitu.

Mwongozo huu unahusu sakiti za soketi katika nyumba inayotumia umeme wa volti 230 wa fezi moja, ingawa mantiki yake haibadiliki sana mahali penye volti 120. Nimeupanga kwa dalili, kwa sababu mwenye nyumba hukutana na dalili kwanza na chanzo hukijua baadaye. Kuchomoa plagi, kuzima na kuwasha breka, kunusa, kusikiliza na kuandika ni kazi za mtu yeyote makini. Kufungua kisanduku cha breka, kufungua soketi na kupima nyaya ni kazi za fundi umeme aliyefunzwa, na katika nchi nyingi sheria ndivyo inavyosema. Hata hivyo nimezieleza kazi hizo pia, kwa kuwa mwenye nyumba anayeelewa fundi anatafuta nini humsaidia kuliko yule anayesimama mlangoni akisubiri kuambiwa gharama.

Kujua kwanza ni nini kilichojikata

Katika kisanduku cha kawaida mna swichi kuu, kinga ya uvujaji, na safu ya breka ndogo ambazo kila moja inalinda sakiti yake. Watu huziita zote breka, na hapo ndipo utafutaji unapopotea mapema.

Breka ndogo hutazama jambo moja tu, yaani ukubwa wa mkondo, na ina njia mbili za kukata. Njia ya kwanza ni kipande cha metali mbili zilizoshikamanishwa, ambacho hupinda kinapopata joto. Hiki hushughulikia mzigo uliozidi kidogo kwa muda mrefu. Njia ya pili ni koili ya sumaku inayokata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde pale mkondo unaporuka ghafla: mara 3 hadi 5 ya kiwango cha breka ikiwa ni ya aina B, na mara 5 hadi 10 ikiwa ni ya aina C. Herufi hiyo imeandikwa usoni pa breka pamoja na namba ya ampea, kwa mfano B16 au C20.

Kinga ya uvujaji, ambayo mafundi wengi huiita RCD na ambayo utaitambua kwa kitufe chake cha kujaribia chenye herufi T, haishughuliki na ukubwa wa mkondo. Yenyewe hulinganisha mkondo unaotoka kwa waya moto na ule unaorudi kwa waya nyutro. Ikiona tofauti, maana yake kuna umeme unaokwenda ardhini kwa njia nyingine, pengine kupitia mwili wa mtu, nayo hukata. Ile ya kulinda soketi za nyumbani kwa kawaida ina kiwango cha miliampea 30, lakini kwa kanuni za utengenezaji inaruhusiwa kujikata mahali popote kati ya miliampea 15 na 30. Ikumbuke hiyo 15, maana tutairudia. Vipo pia vifaa vinavyounganisha kazi zote mbili katika kasha moja, na vingi vya aina hiyo havikuambii kwa kuvitazama tu ni sababu ipi iliyovikata.

Kabla ya kugusa waya

Kuzima breka si ushahidi kwamba waya umekufa. Breka inaweza kuwa imebandikwa jina lisilo lake. Soketi mbili za chumba kimoja zinaweza kutoka sakiti mbili. Nyumba yenye inveta, paneli za jua au jenereta inaweza kuwa na umeme unaoingia kwa mlango wa nyuma wakati swichi kuu imezimwa. Kwa hiyo utaratibu ni wa hatua tatu, na hakuna ya kupunguza: jaribu kipimo chako mahali unapojua pana umeme, pima waya unaokusudia kuugusa, kisha rudi ukakijaribu tena pale pa kwanza. Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa mara nyingi, nayo ndiyo inayokuhakikishia kwamba kipimo hakikufa katikati ya kazi. Pima waya moto kwa nyutro, waya moto kwa ethi (yaani waya wa ardhini), na nyutro kwa ethi, kisha weka alama au kufuli kwenye breka ili mwingine asije akaiinua ukiwa na vidole ndani ya soketi.

Testa ya bisibisi yenye kitaa kidogo haifai kwa uthibitisho huu. Kitaa hicho huwaka kwa mkondo mdogo mno unaopita mwilini mwako kwenda ardhini, hivyo ukiwa umesimama juu ya ngazi ya mbao kavu na viatu vya mpira kinaweza kukataa kuwaka ilhali waya una umeme. Testa inayowaka inakuambia jambo. Isiyowaka haikuambii chochote. Rangi nazo usiziamini kupita kiasi. Mfumo mpya unaotumika katika nchi nyingi ni kahawia kwa waya moto, buluu kwa nyutro, na kijani yenye michirizi ya njano kwa ethi, wakati nyumba za zamani huwa na nyekundu, nyeusi na kijani. Lakini rangi hukuonyesha tu kile aliyezifunga alichokusudia, kama alikuwa na waya wa rangi hiyo siku hiyo.

Breka inadondoka papo hapo unapoiinua

Mlio mkali na kudondoka mara moja ni dalili ya shoti: waya moto umegusana na nyutro au umegusa ethi. Usiiinue tena na tena kwa matumaini kwamba itakubali. Kila mara unapoiinua unapitisha mkondo mkubwa mno mahali pale pale palipokwisha kuungua, na breka yenyewe huchoka kwa kila pigo.

Acha breka ikiwa chini, kisha chomoa plagi zote za sakiti hiyo. Nasema chomoa, wala si kuzima, kwa sababu swichi nyingi za soketi hukata waya moto peke yake na kuiacha nyutro na ethi zikiwa bado zimeunganika na kifaa. Usisahau vile vilivyofichika nyuma ya kabati au vilivyofungwa moja kwa moja ukutani: pampu, feni ya kutolea hewa, taa ya nje iliyodokolewa kutoka soketi ya barazani. Inua breka mara moja. Ikikaa, mgonjwa ni kifaa. Rudisha kimoja kimoja, ukichomeka kila kimoja kikiwa kimezimwa, kisha ukikiwasha, mpaka breka idondoke tena.

Katika vifaa, anza na nyaya zake kabla ya kuifikiria mashine. Waya wa pasi, kwa mfano, hufa kwenye shingo, pale unapoingia kwenye mpini, kwa kuwa hapo ndipo unapokunjwa kila siku. Plagi ikiwa imechomolewa, shika waya sentimita chache kutoka mpini na uukunje polepole kwa vidole viwili: waya mzima huwa na ugumu ule ule kote, lakini ule uliokatika ndani huwa na mahali pamoja panapolegea ghafla, kama kidole kisicho na mfupa. Ukipaona, usipafunge kwa utepe. Kata, au badilisha waya wote.

Breka ikidondoka ingawa plagi zote ziko nje, hitilafu iko katika nyaya za ukutani, ndani ya soketi yenyewe, au juu ya dari. Swali la kwanza hapo si la kiufundi: ni kazi gani iliyofanyika ndani ya nyumba siku za karibuni? Msumari wa kutundikia picha, skrubu ya rafu mpya, plasta iliyoguswa, panya darini, bomba linalovuja. Wakati mwingine jibu huning'inia ukutani na kila mtu analitazama.

Jibu lisipopatikana, mbinu ni kugawanya. Chukulia sakiti yenye soketi nane zilizofuatana kama shanga katika uzi mmoja, kutoka breka hadi soketi ya mwisho. Mtu anayezifungua kwa mfuatano anaweza kufungua zote nane. Anayegawanya hufungua ile ya nne, akatenganisha nyaya zinazoendelea mbele, kisha akapima kila upande peke yake. Upande wenye ugonjwa una soketi nne. Anaugawa tena, zinabaki mbili. Anaugawa tena, inabaki moja. Vipimo vitatu. Ugumu ni kwamba mara nyingi hujui mpangilio wa soketi, lakini urefu wa nyaya na umbali kutoka kisanduku hutoa kisio zuri, na kisio likikosewa huwa limekugharimu kipimo kimoja tu. Zipo pia nyumba ambazo sakiti ya soketi imefungwa kwa mtindo wa pete, ikitoka kwenye breka na kurudi kwenye breka ile ile, kama ilivyozoeleka Uingereza na katika nchi zilizofuata kanuni zake. Hapo ni lazima kutenganisha ncha zote mbili kisandukuni kabla ya kugawanya, la sivyo umeme utakuzunguka na kukujia kwa upande wa pili.

Kipimo chenyewe ni cha ohmu, breka ikiwa imezimwa na waya umethibitishwa umekufa. Shoti halisi husoma karibu na sifuri, pengine ohmu 0.3 au 0.8. Ukisoma ohmu 26 hivi, tulia kwanza: birika la wati 2000 kwenye volti 230 lina ukinzani wa ohmu 26 na ushei, na yumkini kuna birika ulilolisahau limechomekwa. Hesabu ni rahisi, volti mara volti gawanya kwa wati, na imewaokoa wengi wasivunje ukuta bure.

Breka inakaa, kisha inajikata baada ya muda

Hii ni tabia ya kile kipande cha metali kinachopashwa joto, na sababu yake ya kawaida ni mzigo kuzidi. Breka ya ampea 16 inabeba wati 3680. Birika la wati 2000 na pasi ya wati 1200 zinaingia humo bila shida. Ongeza hita ya chumba ya wati 1500 na jumla inakuwa wati 4700, ambazo ni ampea 20 na kidogo. Breka haitadondoka mara moja. Mzigo huo ni kama mara 1.3 tu ya kiwango chake, na breka za nyumbani zimeundwa kuvumilia ziada ya namna hiyo kwa muda mrefu kabla ya kukata, hivyo chai itachemka, nguo mbili zitanyooshwa, na umeme utakatika wakati kila mtu amekwisha kusahau nani aliwasha nini.

Tiba ni kuhamisha mzigo mmoja kwenda sakiti nyingine au kufunga sakiti mpya. Kufunga breka kubwa zaidi kwenye waya ule ule si tiba. Ni kuondoa mlinzi ili waya ndio uwe fyuzi, nao hukatikia ndani ya ukuta kwa moto. Nimekutana na breka ya ampea 32 ikilinda waya mmoja wa milimita za mraba 1.5, na aliyeifunga aliniambia kwa fahari kwamba tangu siku hiyo haijawahi kusumbua.

Iko sababu ya pili inayofanana na hiyo. Ikiwa umehesabu mzigo na ukaona hauzidi, lakini breka inajikata na uso wake una joto kuliko jirani zake, skrubu inayoshika waya kwenye breka huenda imelegea. Joto la mlegeo huo huingia ndani ya breka na kukipinda kile kipande kana kwamba mzigo umezidi. Fundi akikaza skrubu mapema, kazi imeisha. Akichelewa, ataikuta ncha ya waya imekuwa nyeusi na breka italazimika kubadilishwa.

Kinga ya uvujaji inajikata

Hapa ndipo mafundi hupoteza siku nzima, kwa sababu kinga moja mara nyingi hulinda sakiti kadhaa na dalili hujitokeza mbali na chanzo.

Anza kama ilivyokuwa kwa shoti: zima breka zote ndogo, inua kinga, kisha inua breka moja moja. Kwa kawaida ile inayoiangusha kinga ndiyo yenye sakiti mbovu. Chomoa plagi zake zote na urudishe kifaa kimoja kimoja. Washukiwa wakuu ni vifaa vyenye maji na joto pamoja. Elementi ya hita ya maji au ya birika ni waya uliozungukwa na unga wa oksidi ya magnesiamu ndani ya bomba la chuma, na unga huo hunyonya unyevu pale bomba linapopata ufa au kifaa kinapokaa muda mrefu bila kutumiwa. Ndiyo maana kuna hita inayoangusha kinga siku ya kwanza baada ya miezi ya kukaa stoo. Friji zenye hita ya kuyeyushia barafu nazo zina tabia yake: zinaangusha kinga kwa vipindi, hata usiku wa manane, kwa kuwa hita hiyo huwashwa na saa yake na si na mtu. Ukiandika saa za kukatika na ukaona zinapishana kwa vipindi vinavyolingana, huna haja ya kuhangaika na soketi.

Kuna hali ambayo hakuna kifaa kibovu hata kimoja. Kompyuta, runinga, chaja na mashine za kufulia zina vichujio vinavyopeleka mkondo mdogo kwenye ethi kwa makusudi ya muundo, kila kimoja kiasi chake. Vikiwa vingi nyuma ya kinga moja, jumla inaweza kukaribia ile miliampea 15, na hapo kitu chochote kidogo, hata kishindo cha friji kuanza kunguruma, kinatosha kuiangusha. Dalili yake ni kwamba ukichomoa kifaa chochote kile tatizo linaisha, na ukirudisha chochote kile linarudi. Jawabu ni kugawa sakiti hizo kati ya kinga mbili au zaidi. Kubadilisha vifaa ni kupoteza fedha.

Sasa ile inayosumbua kuliko zote. Niliwahi kufuatilia kinga iliyojikata kila mara hita ya chumba cha kulala ilipowashwa. Hita ilipimwa ikaonekana nzima, ikabadilishwa hata hivyo, na kinga ikaendelea. Nilipozima breka ya soketi za sebuleni, ambazo hazikuhusiana kabisa na chumba hicho, hali haikubadilika, nikaiondoa sebule katika orodha ya washukiwa. Nilikosea, na kosa lenyewe linafaa kuelezwa. Breka ndogo za kawaida hukata waya moto tu. Nyutro za sakiti zote hubaki zimefungwa kwenye kipande kimoja cha shaba ndani ya kisanduku, breka ikiwa juu au chini. Ikiwa mahali fulani nyutro imegusa ethi, sehemu ya mkondo wa kifaa chochote ndani ya nyumba inaweza kurudi kwa njia ya ethi badala ya nyutro, nayo kinga inaona tofauti na kukata. Kadiri mzigo unavyokuwa mkubwa ndivyo sehemu hiyo inavyokuwa kubwa, na hita ndiyo iliyokuwa mzigo mkubwa kuliko yote katika nyumba ile. Haikuwa na kosa jingine.

Ili kuinasa hitilafu hiyo ni lazima kuzima swichi kuu, kuchomoa nyutro ya kila sakiti kutoka kwenye kile kipande cha shaba, na kupima kila moja kwa ethi. Nyutro ya sebuleni ilisoma ohmu chache tu. Baada ya kugawanya mara mbili nilifika kwenye soketi nyuma ya kochi. Boksi lake lilikuwa la chuma na lenye kina kifupi, nyaya zilikuwa zimesukumwa kwa nguvu, na skrubu ndefu ya kifuniko ilikuwa imepita katikati yake na kutoboa gamba la waya mweusi. Alama yenyewe haikuzidi kichwa cha sindano. Niliukata waya pale, nikaufunga upya, nikaweka skrubu fupi.

Kuhusu vipimo: mita ya kawaida hupima ohmu kwa volti chache tu, hivyo unyevu au gamba lililochakaa ambalo huvuja chini ya volti 230 linaweza kuonekana zima mbele yake. Kwa kazi hii fundi hutumia mega, yaani kipimo cha ukinzani wa gamba la waya, ambayo hupima kwa volti 500 za mkondo mnyoofu, na kiwango cha chini kinachokubalika kwa sakiti ya nyumbani ni megaohmu 1. Kwa kulinganisha, gamba la waya lenye megaohmu 1 huvujisha chini ya robo ya miliampea kwa volti 230, na ili kinga ya miliampea 30 ijikate, ukinzani unahitaji kuporomoka hadi ohmu elfu saba au nane hivi, au maradufu ya hapo kwa kinga iliyo nyepesi kukata. Kwa maneno mengine, kinga inapojikata, waya ulikuwa umeanza kuharibika zamani. Kabla ya kupiga mega, ondoa kila kifaa cha kielektroniki, pamoja na swichi zenye kipunguza mwanga na soketi zenye tundu za kuchajia simu, kwani volti 500 huviua.

Soketi imekufa lakini hakuna kilichojikata

Jaribu kwanza kifaa kingine unachojua ni kizima, na kwa plagi zenye fyuzi ndani, jaribu fyuzi. Kisha pita nyumba nzima ukiandika soketi zinazofanya kazi na zisizofanya. Katika sakiti ya mfululizo, mkatiko uko kati ya soketi ya mwisho iliyo hai na ya kwanza iliyokufa, na mara nyingi zaidi uko ndani ya ile iliyo hai, kwenye terminali zinazopeleka umeme mbele. Ndiyo maana kuifungua ile iliyokufa peke yake hukuonyesha nyaya safi, skrubu zilizokazwa, na hakuna kosa.

Vipimo vitatu hutaja waya uliokatika. Ukipata volti 230 kati ya waya moto na ethi, lakini hakuna kitu kati ya waya moto na nyutro, nyutro ndiyo iliyokatika. Usipopata kitu popote, ni waya moto. Ukipata 230 kati ya moto na nyutro lakini hakuna kitu kati ya moto na ethi, basi ethi imekatika, na hii ndiyo mbaya kwa kuwa haina dalili: kila kifaa kinafanya kazi kama kawaida, ila siku bati la friji litakapoguswa na waya moto hakutakuwa na njia ya kuiangusha breka.

Nyutro iliyokatika nayo inahitaji tahadhari yake. Soketi inaonekana imekufa, taa haiwaki, birika halichemki, lakini kifaa kilichochomekwa na kuwashwa hupeleka waya moto hadi upande wa nyutro, hivyo matundu yote mawili yanakuwa na umeme. Ukiona testa inawaka kwenye matundu yote mawili, usidhani testa imeharibika.

Mita ya dijitali yenyewe ina udanganyifu mmoja. Kwa kuwa ukinzani wake ni mkubwa mno, kwa kawaida megaohmu 10, inaweza kusoma volti 40 au 90 kwenye waya ambao haujaunganishwa na chochote, eti kwa sababu tu umelala kando ya waya wenye umeme ndani ya paipu moja. Namba ya ajabu iliyo kati ya sifuri na 230 ni ishara ya kupima upya kwa kipimo chenye ukinzani mdogo, ambacho huvuta mkondo kidogo na kuufuta umeme huo wa kivuli.

Umeme unacheza, unafifia au unanuka

Muungano uliolegea ni hitilafu ambayo hakuna breka wala kinga inayoiona. Chukua terminali ya soketi ambayo ukinzani wake umepanda hadi nusu ohmu. Kifaa cha ampea 10 kinapopitisha mkondo hapo, volti 5 tu zinapotea, kiasi ambacho birika halitambui. Lakini wati 50 za joto zinazaliwa ndani ya skrubu ndogo kuliko punje ya mahindi, ikiwa imezungukwa na plastiki. Mkondo haukuzidi, hakuna kilichovuja, na kila kifaa cha kinga kimetulia.

Kwa hiyo hapa tunategemea pua, macho na vidole. Plastiki ya soketi inayoungua polepole mara nyingi hutoa harufu inayofanana na ya samaki, na watu hutafuta jikoni kabla ya kutazama ukuta. Uso wa soketi hugeuka kahawia kuzunguka tundu moja. Plagi huwa ya moto ukiichomoa baada ya nusu saa. Taa hufifia unapowasha mzigo mkubwa na kucheza mlango unapobamizwa. Sauti ya kukwaruza kama ya mafuta yanayoanza kukaanga ni cheche, na sakiti hiyo izimwe wakati huo huo. Fundi atakapofungua, nyaya zenye gamba lililokakamaa zikatwe hadi kufikia shaba inayong'aa, na soketi ibadilishwe. Terminali iliyokwisha kupata joto haishiki tena vizuri hata ikikazwa.

Ikiwa taa za upande mmoja wa nyumba zinang'aa kupita kawaida huku za upande mwingine zikififia, usitafute soketi. Nyutro kuu huenda imekatika katika mfumo wa fezi tatu, na volti upande mmoja zinaweza kupanda hata kupita 300. Zima swichi kuu papo hapo na ulijulishe shirika la umeme.

Hitilafu inayokuja na kuondoka

Kwa hitilafu ya aina hii daftari lina thamani kuliko mita. Andika saa, hali ya hewa, kilichokuwa kimewashwa, na kifaa cha kinga kilichojikata. Kukatika asubuhi na mapema au baada ya mvua huelekeza kwenye soketi za nje, taa za bustani na maboksi ya maungio yaliyo darini. Kukatika jioni tu huelekeza kwenye mzigo. Kukatika mchana wa jua kali, nyumba ikiwa tupu, kumewahi kunipeleka kwenye pampu ya kisima.

Baada ya ukarabati, sakiti hupigwa mega kwa mara ya mwisho ikiwa imezimwa, kisha huwashwa na kitufe cha T hubonyezwa ili kuona kama kinga inadondoka. Soketi iliyofungwa upya hupewa mzigo mzito kwa saa moja, halafu plagi huchomolewa na meno yake, pamoja na uso wa soketi, huguswa kwa nyuma ya vidole. Uvuguvugu mdogo ni wa kawaida. Joto linalokufanya uondoe mkono maana yake soketi ifunguliwe tena.